Kisumu hadi Lamu kwa siku 9: kasri, ngome, magofu na ufukwe. Nikosoeni mpango

kando_ya_ziwa

Wadau, naomba mpango huu uchanwe kabla sijalipa chochote. Tuko 11 kutoka Kisumu: wazima 7, mmoja wao nyanya wa miaka 74 mwenye magoti mabovu, na watoto 4 (miaka 2, 5, 8 na 11). Ni likizo ya Aprili.

Siku ya 1 basi la usiku hadi Nairobi. Siku ya 2 treni ya asubuhi hadi Mombasa, jioni Fort Jesus. Siku ya 3 na ya 4 Diani. Siku ya 5 Gedi na Malindi. Siku ya 6 Lamu. Siku ya 7 magofu ya Takwa na ufukwe wa Shela. Siku ya 8 kurudi Mombasa. Siku ya 9 nyumbani.

Maswali mawili ya ziada. Lile kasri la Egerton pale Njoro linafaa kupitia? Na kuna haja gani ya kufuata ufukwe Pwani ilhali ziwa liko hapa mlangoni?

boriti_na_chokaa

Dada, anza na ramani. Diani iko kusini ya Mombasa, Lamu iko kaskazini. Mombasa hadi Diani ni kama kilomita 30; Mombasa hadi gati ya Mokowe ni kama 340, kisha boti. Toa siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, umebaki na tano. Hizo tano ukizigawa kusini na kaskazini, watoto wataijua Pwani kupitia dirisha la gari.

Kwa kuwa unataka ngome na miji ya kale, shika kaskazini: Mombasa, Jumba la Mtwana, Mnarani, Gedi, Malindi, Lamu. Zote zimejipanga kwenye barabara moja, hurudi nyuma hata mara moja. Diani iwekee safari yake. Ukienda, kodi gari palepale stesheni ya Miritini upite Dongo Kundu, maana tangu barabara ile ifunguliwe huna haja ya kuingia kisiwani na kusubiri feri ya Likoni.

Halafu Aprili. Hiyo ni masika kamili. Mvua kubwa ya Pwani ni ya Aprili na Mei, na hoteli kadhaa hutumia miezi hiyo kufunga na kukarabati. Bei inashuka, ni kweli, ila inashuka kwa sababu.

fundi_ramani

Naongezea hapo. Ukihama Aprili una Agosti au Desemba, na hazifanani.

Agosti ni kusi. Upepo wa kusini unasukuma bahari, nje ya miamba mawimbi ni makubwa, manahodha wengi hawapeleki watoto kuangalia matumbawe, na mwani unarundikana ufukweni. Lakini jua si kali, na kutembea kwenye magofu saa tano asubuhi kunawezekana. Desemba ni kaskazi: maji yametulia, yanaonekana hadi chini, lakini joto la mawe ya Fort Jesus linapanda miguuni, treni imejaa, na vyumba vimepanda bei.

Safari yako ni ya kuta zaidi kuliko ya kupiga mbizi. Chukua Agosti.

kando_ya_ziwa

Agosti imekubalika. Diani imefutwa, watoto hawajaambiwa bado.

menengai_kijani

Nakujibu la Njoro. Ndiyo, pitia, na itakuondolea lile basi la usiku ambalo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mpango wako. Basi la usiku likichelewa saa mbili tu, treni ya saa 2 asubuhi imeenda na tiketi zenu zote.

Tokeni Kisumu saa 12 asubuhi na gari la kukodi. Kisumu hadi Nakuru ni kama kilomita 180 kupitia Kericho na Mau Summit. Ukitoka upande wa magharibi, njia ya Njoro iko mkono wa kulia KABLA ya kuingia Nakuru mjini. Wengi hupitiliza hadi mjini, wanakula, ndipo wanaanza kurudi nyuma kilomita 14. Anza na kasri, chakula baadaye. Anayetumia matatu ashike zinazopita Ngata, amalizie na bodaboda.

Lilijengwa na Maurice Egerton, Lord wa 4 wa Tatton, kuanzia 1938 hadi 1954, vita vikiwa vimekatiza kazi katikati. Vyumba 52. Alikufa 1958, kwa hiyo hesabu mwenyewe alilifaidi miaka mingapi. Hadithi ya mchumba aliyelikataa utapewa na muongozaji, huna haja ya kuisoma hapa. Wewe mwombe akuonyeshe ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Watoto hupenda hapo kuliko vyumba vya kulala. Saa moja na nusu inatosha. Nyanya abaki chini na bustanini, kule juu ni ngazi.

Liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, hivyo tiketi yake haihusiani na zile za Makumbusho ya Taifa. Jumamosi huwa kuna harusi na wapiga picha, muongozaji anawakimbiza. Siku ya kazi ni bora. Na bebeni sweta: Njoro iko juu ya mita 2,000, watoto wa Kisumu hutetemeka.

boriti_na_chokaa

Nikorofishe kidogo. Lile ni kasri kweli, na ndiyo maana lisiitwe ngome. Kasri ni makao ya mkubwa. Ngome ni mahali pa kupigania. Njoro hakuna handaki, hakuna tundu la mzinga, kuna madirisha mapana ya kuangalia shamba. Ukitaka watoto waelewe tofauti, waoneshe Njoro siku ya 1 na Fort Jesus siku ya 3, uwaulize adui angeingilia wapi.

ohinga

Watu wa Kisumu mnapanda treni kufuata ngome na mmeiacha moja nyumbani. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2018. “Ohinga” kwa Dholuo ndiyo ngome yenyewe, au boma kubwa la mawe. Ni kuta zilizopangwa bila chokaa wala udongo, kimo mahali pengine kinazidi mita 4, unene kama mita 1. Kuna maboma makuu manne, kubwa likiwa Kochieng.

Zinasimamaje bila chokaa? Ukuta una sehemu tatu: mawe makubwa upande wa nje, mawe makubwa upande wa ndani, na katikati mawe madogo yaliyojazwa yakifunga pande zote mbili. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kupanda ukutani kupiga picha. Jiwe moja la juu likichomoka, yale madogo yanamwagika na ukuta unafunguka kama gunia lililotoboka. Mizizi ya miti nayo inafanya kazi hiyohiyo polepole. Angalieni pia milango: ni mifupi makusudi, anayeingia lazima ainame, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Toka Kisumu pitia Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Rodi Kopany, kisha Ndhiwa. Ni safari ya siku nzima. Sehemu ya mwisho usiende na gari la chini baada ya mvua, udongo mweusi unajaa kwenye matairi hadi yanateleza kama yana sabuni. Hakuna hoteli pale, beba chakula na maji.

Haiingii kwenye siku zako 9. Ifanyeni Jumamosi moja kabla ya safari.

mwanafunzi_kericho

Na Fort Ternan? Si iko njiani, baada ya Muhoroni?

ohinga

Jina tu ndugu yangu. Fort Ternan inajulikana kwa mabaki ya Kenyapithecus, jamii ya nyani wa kale sana, yaliyochimbwa na kikosi cha Louis Leakey mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukienda kutafuta minara na mizinga utarudi na miwa. Ukitaka ngome nyingine ya magharibi, panda kilima cha Chetambe karibu na Webuye, Wabukusu walipopigana na Waingereza mwaka 1895. Ile ni ngome ya mahandaki, usitegemee kuta, na bila mwenyeji wa kukuonyesha utapita juu yake bila kujua.

menengai_kijani

Mkilala Nakuru, mchana huohuo kuna Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, kama kilomita 4 upande wa barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba pale 1937. Watoto watafute mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba.

kando_ya_ziwa

Asante mwalimu. Mbona hamjanijibu kuhusu ziwa?

mganga_wa_zamu

Nitakujibu kwa kazi yangu. Maji ya pembeni ya ziwa, palipo na majani na konokono, yana kichocho. Vijidudu hutoka kwenye konokono, huogelea, na hupenya ngozi isiyo na kidonda chochote ndani ya dakika chache. Hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, yaani saa ileile watoto wanapotaka kuoga. Ongeza viboko wa Dunga na Hippo Point, na gugumaji linaloweza kuziba ufuo mzima upepo ukigeuka. Ziwa ni la boti, samaki na machweo. Kuogelea ni bahari, au bwawa la hoteli. Aliyekwisha ingia ziwani apimwe wiki 6 hadi 8 baadaye; kupima kesho yake hakuonyeshi kitu.

reli_mpya

Treni. Ya saa 9 mchana kutoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, ndiyo yenu, kwa sababu mnalala Nakuru. Tokeni Nakuru saa 12 asubuhi. Malori ya Kikopey na mpando wa Naivasha yanaweza kuwala saa nzima, na bado mtafika. Muwe stesheni saa moja na nusu kabla, kuna foleni ya ukaguzi mara mbili na mizigo yote inapitishwa kwenye mashine. Visu vya jikoni, pombe na makopo ya dawa ya mbu hubaki hapo.

Tangu Januari 2024 nauli ya kawaida ni 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, chini ya 3 hawalipi lakini hawana kiti. Kwenu: wazima 7 ni 10,500, watoto watatu ni 2,250, jumla 12,750. Unakata kwa *639# au mtandaoni, kila jina na nambari ya kitambulisho, na kitambulisho hichohicho kionekane mlangoni. Watoto wabebe nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kosa linalojirudia kila mwezi: tiketi imeandikwa 15:00, mtu anasoma haraka “saa tano”. Au 22:00 inageuka “saa mbili usiku”. Toa sita, ikibaki zaidi ya 12 toa 12 tena, andika kwa kalamu juu ya tiketi: 15:00 ni saa 9, 22:00 ni saa 4 usiku.

boriti_na_chokaa

Sasa Mombasa. Fort Jesus ingieni saa 2 asubuhi mlango unapofunguliwa, kwa sababu ndani kivuli ni kidogo na ukuta wa matumbawe unatoa joto kama jiko kuanzia saa tano. Viingilio vya Makumbusho ya Taifa hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji na mtu mmoja alipie wote. Kila mtu akifungua akaunti yake getini saa nzima imepotea.

Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kabla ya kuingia, itazameni kutoka nje upande wa bustani. Kona zake nne, São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias, zimechomoza ili askari wa kona moja aone na kupiga mguu wa ukuta wa kona jirani. Hiyo ndiyo siri yote ya jengo. Bila kulielewa hilo, ndani utaona ua mkubwa na mizinga tu.

Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani ya muda huo, 1697, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome. Vitu vyake vimo kwenye makumbusho, visomeni pamoja na tarehe hizo ndipo vinaongea. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Tafuteni michoro ya kutani ya mabaharia wa Kireno, Nyumba ya Waomani, na njia ya matao inayoteremka baharini. Njia hiyo nyanya aiache, mawe yana utelezi.

Siku inayofuata, mkienda kaskazini, simameni Jumba la Mtwana baada ya Mtwapa. Dakika 50. Ule msikiti wa baharini ndio wa kukaa. Mnarani, Kilifi, ni kwa ajili ya kaburi la mnara na mandhari ya hori, mkichoka pitilizeni.

gede_njiapanda

Gedi sasa. Mkilala Watamu mko karibu sana. Anayetoka Malindi hushuka kwenye njia panda ya Gede. Muwe pale saa 2. Mji una ukuta wa nje na wa ndani, eneo la ekari kama 45, na watu hutembea msikiti mkuu na jumba la mfalme wakaondoka. Zungukeni pia visima. Ni virefu, na vingine vilichimbwa zaidi baada ya kujengwa, jambo linalofanya wachimbuzi wengi wahisi maji ya chini yalishuka na ndiyo mojawapo ya sababu za mji kuhamwa karne ya 17. Kuna kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Wareno walikaa Malindi miaka na miaka, kilomita 16 tu kutoka hapo, na hawakuutaja mji huu. James Kirkman ndiye aliyeuchimba kuanzia 1948, na UNESCO iliuorodhesha 2024.

Chakula kibaki ndani ya gari. Kima wa Gedi wanafungua zipu.

bamvu

Mmezungumza yote isipokuwa maji, na maji ndiyo yatakayoamua mtaona nini. Nyie wa ziwani mmezoea maji yanayokaa mahali pamoja. Bahari ya Pwani yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, tofauti inakaribia mita 4. Mtu anafika Watamu saa nne asubuhi, anakuta maji yako mbali na miamba iko wazi, anasema amedanganywa na picha.

Hesabu rahisi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvu: maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yamejaa kwenye saa 4 asubuhi na hayaendi mbali. Anayetaka kuogelea asubuhi atafute maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya fungu la mchanga na kuangalia mashimo ya miamba atafute bamvu, na avae viatu kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi.

Malindi na Watamu nazo msizichanganye. Mto Sabaki unaleta tope lake kwenye ghuba ya Malindi, maji yanakuwa ya kahawia, hasa baada ya mvua. Watamu iko kusini zaidi na imekingwa na miamba. Malindi nendeni kwa nguzo ya Vasco da Gama na kikanisa cha Wareno, kwa muda wa saa mbili tu.

kando_ya_ziwa

Bamvu, Takwa je? Nimesoma kuwa boti inakwama.

bamvu

Inakwama kabisa. Kufika Takwa mnapita mkondo mwembamba ndani ya mikoko ya kisiwa cha Manda, na mkondo huo una maji ya kutosha karibu na kujaa tu. Mkiingia maji yakijaa, mna kama saa moja na nusu ya kutembea magofuni kabla hayajawakimbia. Mkichelewa, mtakaa kwenye matope mkiwatazama kaa hadi maji yarudi.

Siku ya mwezi mpevu yenyewe haifai, kujaa ni saa 10 jioni na mtarudi gizani. Subiri siku nne: saa 10 alfajiri ongeza dakika 200, unapata saa 1 na dakika 20 asubuhi. Hiyo ndiyo saa nzuri ya Takwa, jua bado si kali.

Kwa hiyo, dada, hesabu kinyumenyume. Takwa iwe mwezi 19 kwa hesabu ya Kiislamu. Ikiwa ni siku yenu ya 7, mnaondoka Kisumu mwezi 13. Siku ya 5 mtakuwa Watamu mwezi 17, maji yanapwa karibu saa 5 na dakika 40: Gedi saa 2, fungu la mchanga saa 5, chakula, na kuogelea kuanzia saa 9 yakirudi. Hakikisha na jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, kuandama kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja.

boriti_na_chokaa

Mashallah, hapo umenimaliza.

Lamu nitaigusia kwa sababu ya nyanya. Garsen hadi Mokowe msafiri mchana, vitambulisho mkononi, kuna vizuizi vya usalama. Gati, maji yakiwa yamepwa, ngazi za chini zina ukungu wa kijani; mabaharia wawili wamshike nyanya mikono yote miwili, asiruke. Hakuna gari mjini. Punda akija, bana ukutani, na usisimame nyuma yake.

Chumba ombeni cha chini. Nyumba za kale zina ngazi kali, na vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo haziruhusu upana wa kupita sana mita 3. Mkiuliza “chumba cha watu watano” mtapewa ukanda, si ukumbi. Tazameni zidaka za ukutani na milango ya nakshi, nendeni ngome iliyojengwa 1813 hadi 1821 (nayo ilikuwa jela, 1910 hadi 1984), kisha Nyumba ya Kiswahili. Mavazi ya heshima mjini. Nguo za kuogelea ni za Shela.

Shela kwa mguu ni kama dakika 40, lakini wakati wa bamvu maji yakijaa sehemu ya njia ya ufuoni inafunikwa. Nendeni kwa boti. Watoto wasioge karibu na mdomo wa mlango wa bahari maji yakipwa, mkondo unavuta nje.

fundi_ramani

Tatizo lililobaki ni kurudi. Lamu hadi Mombasa siku ya 8, treni ya saa 4 usiku, Nairobi alfajiri, Kisumu jioni. Basi likipasuka gurudumu Witu, treni mmeikosa. Mkiweza, rukeni kutoka Manda hadi Nairobi asubuhi ya siku ya 9, mnapata siku nzima ya 8 Lamu. Kama pesa ni za kupima, rukeni watatu: nyanya, mtoto wa miaka 2 na mmoja wa kuwashika. Wengine watoke Lamu na basi la kwanza la alfajiri ya siku ya 8.

kando_ya_ziwa

Tutagawana hivyo. Mpango mpya: 1 Njoro na Nakuru, 2 treni ya saa 9 mchana, 3 Mombasa, 4 Jumba la Mtwana hadi Watamu, 5 Gedi na bahari, 6 Malindi hadi Lamu, 7 Takwa asubuhi, jioni mjini, 8 kundi la basi linaondoka, 9 kundi la ndege. Kuna kitu cha kununua mapema hapa Kisumu?

gede_njiapanda

Chupa za maji za kudumu, moja kwa kila mtu. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi tangu Juni 2020, na hifadhi ya bahari ya Watamu imo. Katoni ya maji mtakayonunua Nakuru itaishia getini.

bamvu

Na viatu vya mpira vya watoto. Pale soko la Kibuye vipo, ukingoja ufike ufukweni utauziwa kwa bei ya mgeni.